Ukitaka bibi na wajukuu wapike pamoja, wewe toka jikoni

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili, binti wa miaka 15 yuko kidato cha pili na kijana wa miaka 11. Mwanzoni mwa mwaka nilimleta mama yangu kutoka Pangani aje kukaa nasi. Ana miaka 74, ana presha na miguu inamsumbua. Tunamheshimu, hafanyi kazi yoyote, dada wa kazi anapika kila kitu. Lakini anashinda sebuleni peke yake. Watoto wakirudi shule wanamwamkia, wanaingia vyumbani na simu. Nikafikiri wakipika pamoja watazoeana. Jumapili moja tulikuwa na wageni, nikamwambia mama amfundishe binti wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ikawa ugomvi. Mama akasema mtoto hajui hata kushika kisu, eti "watoto wa mjini mmelelewa na dada wa kazi". Wali ukatoka bokoboko, binti akalia, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya jiko. Nilikosea wapi? Halafu siku hizi mama anarudiarudia maneno, na juzi alisahau sufuria motoni ikaungua. Je, ni salama kumwacha jikoni?

JIBU: Marahaba mwanangu.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuingia kwenye nyumba kama yako, nyumba ambayo mzee ameletwa kutoka kwao na kila mtu ana nia njema. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonigusa zaidi ya machozi ya binti ni pale ulipoandika, tena kwa fahari, kwamba mama hafanyi kazi yoyote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuutumia msemo huu kumsema mgeni mvivu. Mimi nimekaa na wazee muda wa kutosha kuuona upande wake mwingine: asiyepewa jembe anabaki mgeni. Pangani mama yako alikuwa na jiko lake. Bila shaka alijua kuni zipi zinashika moto na zipi zinatoa moshi mtupu, na jirani akiwa na shughuli aliitwa kuonja. Hapo Tabata anaomba chai kwa dada.

Ninayasema haya nikiwa na jeraha langu. Mama yangu mzazi aliishi nami Kijitonyama miaka minne ya mwisho ya maisha yake. Kila alipoinuka kuelekea jikoni nilimwambia, "Mama pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Alikuwa na mkate wa kumimina ambao hadi leo sijauonja kokote, juu una rangi ya asali na ndani una matundu kama sega. Nimejaribu vipimo vya watu wengi. Hautoki. Alipofariki ndipo nilipotambua kwamba miaka yote ile nilikuwa na fundi sebuleni, nami nikimpelekea chai na kumwashia televisheni.

Sasa tuje kwenye Jumapili ile. Bibi akimgombeza mjukuu mbele ya mama yake, mara nyingi anayesemwa ni mama. Yale maneno ya kulelewa na dada wa kazi hayakuwa ya mtoto wa miaka 15, ambaye hakuchagua alelewe na nani. Yalikuwa yako, na binti ndiye aliyeyapokea.

Kwetu pwani bibi na mjukuu ni watani. Wa kiume anaitwa "mume wangu", wa kike "mke mwenzangu". Bibi humwambia mjukuu mambo ambayo wewe uliyemzaa huwezi kuyatamka, na mjukuu humjibu bibi jibu ambalo akikujibu wewe ni utovu wa adabu. Daraja kati yao lipo tangu zamani, hatuna haja ya kujenga lingine. Ila utani haushamiri mbele ya mzazi. Ukiwepo wewe, bibi anageuka mama wa mtu anayekagua malezi, na binti anageuka mtoto wa mtu anayeogopa kukuaibisha. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kwako kuliko kwao: siku watakayopika, wewe usiwepo. Nenda kasuke, nenda kamwone ndugu yako. Usikae sebuleni umetega sikio, maana watakuhisi.

Kosa la pili lilikuwa chakula chenyewe. Wali wa nazi hupikwa mara moja. Maji yakizidi yamezidi, tui likikatika limekatika, na siku ile wageni walikuwa wanasubiri. Mwanafunzi alipewa nafasi moja, akaikosa mbele ya watu. Mzee na kijana wanaoanza kupika pamoja wapewe chakula chenye nafasi nyingi ndogondogo: chapati, sambusa, maandazi, vitumbua. Chapati ya kwanza ikitoka kama ramani ya Afrika, ya sita inaanza kuwa duara, na bibi anaona kwa macho yake kwamba mtoto anashika. Hahitaji kusifiwa na mtu, wala bibi hahitaji kuombwa awe mpole.

Kwa nyumba yako ningeanza na vitumbua. Kitumbua cha kwanza kikiungua kuna vingine thelathini nyuma yake. Pia kazi yake inagawanyika siku mbili, na ndani yake kuna sehemu ambazo bibi hawezi bila mjukuu na mjukuu hawezi bila bibi. Ngoja nikueleze jinsi ninavyoiona.

Jumamosi binti aende sokoni na bibi. Kwa kuwa miguu inamsumbua, wachukue bajaji hadi Ilala au Buguruni, waende moja kwa moja kwa muuza nazi, wasizunguke. Bibi ataitikisa nazi sikioni asikie maji yanavyocheza. Ataigeuza atazame yale macho matatu, kwa sababu jicho lenye unyevu au ukungu ni dalili kwamba ndani imeanza kuharibika. Ni somo la dakika mbili, na binti atalipata mbele ya muuzaji anayemwamkia bibi kwa heshima. Muuzaji atauliza kama awakunie kwa mashine. Bibi akikataa, asishawishiwe.

Wanunue mchele wa gunia, nusu kilo inatosha. Ule wa pakiti wa supamaketi hauna cha kuchambua, na mimi nataka wachambue. Kwa mazungumzo, kazi ya kuchambua mchele sijaiona mfano wake. Watu wawili wamekaa mkekani, ungo uko katikati, macho yako chini kwenye chuya na vijiwe, mikono inatembea. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mtoto ambaye ukimkalisha kwenye kochi na kumuuliza habari za shule anajibu "nzuri" na kunyamaza, akiwa na ungo mbele yake huanza mwenyewe. Na mzee vilevile. Kwenye ungo nimesikia habari za foleni za sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, za unga wa njano ulioitwa yanga, za mtoto aliyefariki angali mchanga na hakutajwa tena nyumbani. Watoto wa kuzaa walikuwa hawajawahi kuyasikia. Wajukuu waliyapata wakitafuta chuya.

Usiku mchele unalowekwa, asubuhi unachujwa na kusagwa kwenye blenda pamoja na tui zito. Blenda ni ya binti, na siku hiyo bibi asifundishwe kuiwasha. Lakini anayesema imetosha ni bibi. Anachovya vidole, anasugua, anasema, "Bado kuna chenga." Binti anasaga tena. Mmoja ana mashine, mwingine ana vidole, na uji wa vitumbua hautoki bila vyote viwili. Hapo watatia hamira kijiko kimoja cha chai, iliki iliyotwangwa na sukari, na kuuacha mpaka uumuke na kutoa mapovu. Kwa joto la Dar saa moja mara nyingi inatosha. Chuma cha vitumbua kipate moto sawasawa na mafuta kidogo kila kishimo, kisha kazi ya kugeuza kwa kijiti cha mshikaki aachiwe mtoto, hata kama vitano vya mwanzo vitapasuka.

Vipimo ndivyo vinavyogombanisha watu zaidi. Mtoto atauliza sukari kiasi gani, bibi atasema "ya kutosha", mtoto ataona anafichwa. Hafichwi. Kizazi cha mama yako kilikulia kwenye kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na chochote kilichopungua hapo kilipimwa na kiganja. Mwambie binti asibishane. Bibi akichota sukari, binti atangulize kikombe chini ya kiganja, sukari ipite humo kwanza, aipime kwa vijiko, aandike, ndipo aimimine kwenye bakuli.

Niliona kijana wa miaka 13 akifanya hivyo kwenye nyumba moja Mbagala. Alikuwa na daftari la hesabu la shule. Bibi akachota mara ya kwanza, vijiko vinne. Kijana hakuamini, akaomba arudie. Vinne. Mara ya tatu, vinne tena, vilevile vya kulingana na ukingo wa kijiko. Akabaki anamtazama bibi yake kama mtu aliyekutana naye siku hiyo. Akauliza, "Bibi, unajuaje?" Yule mama hakujibu. Alimshika mkono, akaulaza kiganja chake juu ya cha mjukuu, akapima kwa macho, akasema, "Chako kikubwa. Wewe weka pungufu." Nimehudhuria semina nyingi kuhusu wazee na vijana, na hakuna iliyonifundisha kuliko dakika ile.

Kabla ya yote haya zungumza na dada. Watu wengi hulipita jambo hili, na ndilo linaloharibu mipango. Jiko ni mahali pake pa kazi, na maneno ya mama yako siku ile na yeye aliyasikia. Mweleze kwamba Jumapili asubuhi jiko litakuwa la bibi na watoto, kwamba hajakosea kitu, na kwamba vyombo vya siku hiyo vitaoshwa na waliopika. Akitaka kupumzika apumzike, akitaka kukaa nao akae. Kuna siku apewe yeye nafasi ya kupika cha kwao, bibi na watoto wawe wasaidizi wake. Kama ni mtu wa Singida, mama yako atajua kwamba mlenda nao una ufundi wake. Huyo dada naye ni mtoto wa mtu, na huenda ana bibi yake kijijini anayemkumbuka kila siku anapomhudumia wako.

Mwanao wa kiume umemtaja mara moja tu kwenye barua, kisha ukamsahau. Mpe mbuzi. Kukuna nazi kunataka bega lenye nguvu, na la bibi limechoka. Bibi amfundishe kukuna kwa mzunguko ili ganda jeusi lisiingie kwenye nazi, kukamua tui la kwanza na la pili, na kupitisha kwenye kifumbu kama bado mnacho. Bibi akisema mwanamume hakai jikoni, mkumbushe masufuria ya pilau ya arusi na ya maulidi huko kwao. Nani hushika mwiko mkubwa?

Sasa binti atarudije? Hatarudi kwa kuamriwa. Kwanza mwombe radhi wewe, kwa kumweka kwenye mtihani mbele ya wageni. Kisha usimwambie aende kujifunza kwa bibi. Mwambie mama yako kwamba una hamu ya vitumbua vya Pangani, dada hawezi, wewe huna nafasi, basi amtume mjukuu wake. Kutumwa na mkubwa ni jambo la kawaida kwa mtoto wetu, halina aibu ndani yake. Neno "kujifunza" ndilo limeshapata kidonda. Na Jumapili ya kwanza wakimaliza kwa kimya, usikate tamaa. Bibi atagomba tena pia, nakuhakikishia. Ila mkiwa hampo, binti ataweza kumjibu, "Basi mke mwenza, pika peke yako nione utawasha blenda na nani," na hapo mambo yatakuwa yamefika.

Kuhusu sufuria iliyoungua, hili usilichukulie kwamba ni uzee tu. Mpeleke mama hospitali apimwe, na ubebe dawa zake zote, si karatasi ya dawa, dawa zenyewe. Kusahau na kurudia maneno kunaweza kuwa mwanzo wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu, lakini kunaweza pia kuletwa na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi, dawa zinazogongana, au huzuni ya muda mrefu. Mtu aliyetolewa kwenye mji wake na kukalishwa sebuleni ana sababu ya kuwa na huzuni. Mengi ya haya yanatibika, ila lazima yajulikane.

Mpaka hapo, asiachwe peke yake na moto. Lakini nakusihi usimtoe jikoni kabisa. Hata kwa wazee ambao kumbukumbu imeshaanza kuondoka, mikono hukumbuka muda mrefu baada ya maneno kupotea. Nimemwona mzee asiyejua leo ni siku gani akisukuma chapati bila kukosea hata moja. Kwa hiyo mgawane hivi: moto ni wa vijana, mikono na ulimi ni vya bibi. Kijana wako afunge mtungi wa gesi kila mkimaliza na aweke kengele ya simu kila sufuria inapotengwa. Bibi akae kwenye kiti imara chenye egemeo, kazi imfuate alipo, uani kama mna nafasi, na ncha za kanga zifungwe nyuma. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu kinateleza na kumkata mtu mwenye mkono usio na nguvu.

Na presha yake. Ulimi wa mzee hupunguza uwezo wa kuonja na pua hupunguza uwezo wa kunusa, kwa hiyo bibi anapoongeza chumvi usimwone mkaidi, kweli haisikii. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Chumvi ipimwe na binti, itiwe mara moja, na ladha iongezwe kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Kuonja waonje wote wawili, na bibi aulizwe kwanza.

Vitumbua vikizoeleka, baada ya mwezi au miwili, rudini kwenye wali ule ule, siku isiyo na mgeni. Mama yako atataka kuupalia makaa juu ya kifuniko, na ningependa wajukuu waone. Mkaa unaondoka kwenye nyumba zetu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihamia ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa mapafu na kwa misitu. Ila ule ufundi wa kujua makaa mangapi yabaki chini na mangapi yapande juu uko kwenye vichwa vya watu wa umri wa mama yako. Fanyeni nje, uani, kamwe si ndani, kwa sababu jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa inayoua bila harufu. Siku nyingine kijana naye amzoeshe bibi kuwasha gesi, maana wazee wengi huiogopa na huona aibu kusema.

Watoto watataka kurekodi. Wamwombe bibi ruhusa kwanza, na wamwambie video inakwenda wapi. Kama hataki kuonekana, warekodi mikono na sauti. Daftari lile la vipimo liandikwe pia majina ya vitu vya jikoni anayoyataja: kawa, kata, upawa, chicha. Wenzetu wa Kenya waliwashirikisha watoto wa shule za msingi kuorodhesha vyakula vya asili vya jamii zao, na mwaka 2021 UNESCO ikaitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Daftari la nyumba moja ya Tabata si dogo.

Anza Jumamosi hii. Mchele usinunue wewe. Chukua shilingi 20,000, mpe mama mkononi, mbele ya dada na watoto, na umwambie amtume anayemtaka. Chenji usimuulize.